Aibu Tuliyofundishwa: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua nne tunazozijibu mwezi huu zimetoka Lubumbashi, mji wetu wa Katanga nchini Kongo, na zote zinagusa swali moja: je, binadamu huteseka kwa sababu ndivyo alivyoumbwa, au kwa sababu ya yale aliyofundishwa tangu utotoni kuhusu mtu kamili ni yupi? Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa maana katika mji huu ziko nyumba nyingi ambamo ingeweza kuandikwa.

Baba yangu hali pamoja nasi

Baba mwandishi, jambo. Mimi ni mtoto wa nne katika familia yetu ya mtaa wa Katuba. Baba alifanya kazi kiwandani kwa zaidi ya miaka 20, kisha kampuni ikapunguza watu, naye akawa miongoni mwao. Ni zamani sasa, lakini bado huamka saa kumi na moja alfajiri, huoga, huvaa shati lililopigwa pasi, kisha hukaa kwenye kiti nje ya mlango mpaka jua linapokuwa kali. Mama ndiye anayetulisha, kwa kuuza unga na makala (mkaa) mbele ya lupango letu, yaani ua wa nyumba. Chakula si kingi, lakini kipo. Hata hivyo baba hali pamoja nasi. Hungoja tumalize, na mama akimpelekea bukari (ugali) humwambia aiweke tu hapo. Kwenye vilio (matanga) na arusi haendi tena, kwa kuwa hataki kusimama mbele ya wanaume wenzake mikono mitupu. Nimesoma mahali pengi kwamba furaha hutoka ndani ya mtu. Mbona ndani ya baba yangu haitoki? Je, kuteseka ni asili ya mwanadamu, au kuna jambo alilofanyiwa?
Kijana wa Katuba

Jibu

Mwanangu, kwanza nikuondolee hofu niliyoiona katika maswali yako ya mwisho. Baba yako hana upungufu wa asili. Anabeba mizigo miwili iliyofungwa pamoja, na kwa kuwa imekaa pamoja miaka mingi, yeye mwenyewe hawezi tena kuitofautisha. Wa kwanza ni kupotelewa na mshahara, pamoja na matibabu na karo za shule zilizofuatana nao. Hilo ni pigo la kweli, na mtu wa taifa lolote angeumia. Wa pili ni hukumu: kwamba mwanaume asiye na mshahara si mwanaume, na kwamba chakula kilichopatikana kwa jasho la mke wake hakifai kuliwa naye mbele ya watoto. Hukumu hiyo hakuzaliwa nayo. Alifundishwa, kama alivyofundishwa baba yake kabla yake, na katika mji wetu tunaweza hata kusema mafundisho hayo yalianza lini na kwa faida ya nani.

Watu wa Katanga walifanya kazi kabla ya kuujua mshahara. Waliyeyusha shaba wenyewe na kuimimina katika umbo la msalaba, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Walilima, waliwinda, walivua katika Luapula na Lualaba, kila jambo kwa majira yake. Mwanaume alipimwa kwa mambo mengi kwa pamoja: namna alivyoishi na wakwe zake, namna alivyopokea wageni, uzito wa neno lake palipotokea ugomvi, shamba lake, watoto wake. Akipungukiwa upande mmoja, pande nyingine zilimshikilia. Sisemi kwamba maisha hayo yalikuwa mepesi, maana njaa, vita na utumwa vilikuwepo. Nasema tu kwamba kipimo kilikuwa kingine, na kwamba mwezi mmoja wa kiangazi usio na shughuli haukumfanya mtu kuwa bure.

Kampuni ya madini, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuru la shaba likaanza kazi. Mwanzoni wafanyakazi waliandikwa kwa miezi michache tu. Wengi walikufa kwa magonjwa, na wengi walitoroka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliona kwamba ilikuwa na faida zaidi kumweka mfanyakazi kambini pamoja na mke na watoto wake, kwa mkataba wa miaka 3, kuliko kutafuta watu wapya kila mara huko Lomami, Kasai au Ruanda-Urundi. Ndipo malezi ya mtu wa aina mpya yalipoanza. Nyumba, poso, matibabu na shule vilipitia kwa mtu mmoja, yaani baba, kwa nambari yake ya kazi. Mke na watoto walihesabiwa chini yake. Shule zilizoendeshwa na wamisionari ziliwaandaa wavulana kuwa wafanyakazi kama baba zao. Vituo vya kina mama viliwafundisha wake kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba, na pamoja na hayo viliwazoesha kuamini kwamba mume ndiye aletaye na mke ndiye apokeaye. Siku nzima, kwa wakubwa na kwa watoto, iligawanywa na king'ora cha kiwanda.

Sitaki kuwadharau wazee wanaozikumbuka kambi hizo kwa shukrani, kwa sababu wengi wao walitibiwa na kusoma mahali ambapo wenzao wa vijijini hawakupata daktari wala mwalimu. Lakini mpango unaompa mtu makazi, chakula, afya na heshima kupitia mlango mmoja humfundisha, hata bila yeyote kutamka neno, kwamba mlango huo ukifungwa na yeye ametoweka. Wala wazee wetu hawakuwa udongo wa kufinyangwa tu. Desemba 1941, mjini humu humu, wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mishahara, askari wakawafyatulia risasi, na wengi wakauawa. Watu waliofundishwa utii kwa miaka yote hiyo walikuwa bado wanajua haki yao. Nalitaja jambo hili kwa sababu malezi ya jamii yana nguvu kubwa, lakini hayajawahi kummaliza mtu.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, baadaye ikaitwa Gécamines, na desturi ile ile ikaendelea. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Miaka 10 baadaye haikufikisha tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliacha kazi, na makampuni mengine ya mkoa nayo yalikuwa yamekwisha kudhoofika. Mshahara uliondoka hivyo, lakini kipimo kilichoundwa kwa ajili yake kikabaki majumbani. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyetumia miaka mingi kusikiliza familia za wafanyakazi, ameonyesha jinsi mamlaka ya baba nyumbani yalivyofungamana na mshahara, na jinsi yalivyotikisika mke na watoto walipoanza wao kuitafutia nyumba chakula. Baba yako, mwanangu, hakuanguka peke yake. Alianguka pamoja na kizazi kizima, ila kila mmoja alianguka ndani ya ua wake.

Usidhani pia kwamba jambo hili ni la Katanga tu. Katika kijiji cha Marienthal nchini Austria, si mbali na Vienna, kiwanda cha nguo kilichotegemewa na karibu kila familia kilifungwa kati ya 1929 na 1930. Mtafiti wa maisha ya jamii Marie Jahoda na wenzake walikwenda kuzichunguza familia 478 za huko. Mtu angetegemea kwamba wanaume waliopata muda tele wangesoma zaidi, wangekutana zaidi, wangetengeneza mambo yaliyokuwa yakingoja. Ilikuwa kinyume. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua karibu kwa nusu, ingawa sasa viliazimwa bila malipo. Wanaume walitembea polepole barabarani na kusimama mara kwa mara, na walipoulizwa wamefanya nini tangu asubuhi walikuwa na machache ya kueleza. Wanawake walitembea haraka zaidi, kwa kuwa mtoto alikuwa bado anahitaji kuogeshwa na chungu kilikuwa bado kinahitaji kuinjikwa. Umaskini wa mume na mke ulikuwa mmoja. Kilichowatofautisha ni kwamba mke alikuwa bado anahitajika, naye alilijua hilo kila saa.

Miaka mingi baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi humpa mtu zaidi ya pesa: huipa siku mpangilio, humkutanisha na watu wasio wa nyumba yake, humshirikisha katika lengo lililo kubwa kuliko yeye, humpa nafasi katika jamii, na humlazimu kujishughulisha. Hapo ndipo ninapoiona asili ya mwanadamu. Hitaji la kuwa na manufaa, na la kutambuliwa na wenzake, halikuletwa na kampuni yoyote. Hata mtoto wa miaka 3 hung'ang'ania kubeba kikombe ili asifiwe na mama yake. Kilichofundishwa ni njia moja tu ya kulitimiza hitaji hilo. Kwa hiyo usilione lile shati lililopigwa pasi kuwa ni kuchanganyikiwa. Ni hitaji la kweli, ambalo halijawahi kuonyeshwa njia nyingine.

Basi ufanye nini? Usimwambie baba kwamba furaha hutoka ndani. Neno hilo lina ukweli wake kwa mtu aliyeshiba na mwenye shughuli, lakini kwa baba yako litakuwa shtaka la pili juu ya la kwanza: alishindwa kuleta mshahara, na sasa ameshindwa hata kufurahi. Usimtungie kazi ya uongo pia, maana ataitambua siku hiyo hiyo. Tafuta jambo ambalo nyumba au mtaa unalihitaji kwa kweli, na ambalo yeye analijua kuliko ninyi. Mtu aliyekaa kiwandani zaidi ya miaka 20 anajua kuchomelea, au kupima, au kutunza mashine, au kusimamia watu. Barua yako haisemi alifanya kazi gani, na nina wasiwasi kwamba hujawahi kumwuliza kwa utulivu. Mwulize, umsikilize mpaka mwisho. Kisha mpelekee kijana mmoja au wawili wa mtaani wanaotafuta ufundi, na umwombe mbele yao. Mama naye anaweza kumwomba asimamie ununuzi wa magunia kwa wenye malori ya makala, lakini ombi hilo lije baadaye, kwa sababu leo angelipokea kama kuajiriwa na mke wake.

Wakati wa kula, usimwite mezani. Chukua sahani yako, ukakae naye nje, mle pamoja bila hotuba. Kuhusu vilio, mtafute mmoja wa wale waliofanya kazi pamoja naye na ambaye naye amejifungia nyumbani, mwende watatu. Kukesha na wafiwa hakuhitaji mfuko uliojaa, na wazee wawili waliokwisha kuambiana aibu yao wataweza kuwatazama watu usoni. Lakini kama baba halali, amekonda sana, au ameanza kusema kwamba ni afadhali asingekuwepo, basi huo ni ugonjwa unaotibika, na mjini wapo madaktari wa ugonjwa huo. Mpeleke bila kuchelewa.

Je, maskini abadili mawazo tu?

Mwandishi mpendwa, ninasoma falsafa chuoni. Tumefundishwa kuhusu Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Roma, ambaye alisema kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na maoni yao juu ya mambo hayo. Ikiwa mateso mengi yanatokana na mafundisho ya jamii, je, maskini wa mji wetu hawezi kuwa na furaha leo hii kwa kubadili mawazo yake tu?
Mwanafunzi, Lubumbashi

Jibu

Hapana, ndugu yangu, na ninakuomba ulipime vizuri fundisho hilo kabla ya kulitoa nje ya darasa. Katika nchi yetu, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Mtoto wa namna hiyo hana maoni yoyote kuhusu kimo chake. Mwili wake haukupata cha kujengea, na ubongo wake vilevile. Kijana anayeshuka katika shimo la madini lisilo na nguzo, na mama anayepatwa na uchungu mbali na mkunga, hawateswi na maoni.

Epictetus mwenyewe hakufundisha kwamba minyororo ni ndoto. Alitofautisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo katika uwezo wetu, akamshauri mtu aulinde uhuru wa nia yake hata pale ambapo mwili wake unatawaliwa na mwingine. Ni fundisho ambalo mtu aliyebanwa hujipa mwenyewe ili asivunjike. Likitoka kwa mwenye shibe kwenda kwa mwenye njaa, maneno yanabaki yale yale lakini kazi yake inageuka, kwa kuwa sasa linamnyamazisha anayelalamika kwa haki. Na kumbuka kwamba malezi ya jamii nayo hunyamazisha. Mtu aliyeambiwa tangu utotoni kwamba umaskini wake ni uvivu, au ni laana ya ukoo, au umeletwa na mchawi aliyemo nyumbani mwake, hatauliza madini ya kobalti yanauzwa na nani na mapato yake yanakwenda wapi. Wako watoto wanaolala barabarani katika miji yetu kwa sababu msiba au kukosa kazi nyumbani kulielezwa kuwa ni uchawi wao, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kushutumiwa hivyo. Hapo mateso mawili yamekutana: umaskini ni wa kweli, na maelezo yake ni ya kufundishwa, nayo yamemwangukia asiye na nguvu kuliko wote.

Ukitaka kutofautisha, jiulize kama jambo lingeendelea kumwuma mtu mahali ambapo hakuna anayemfahamu wala kumhukumu. Njaa ingeendelea, na homa ya malaria ingeendelea. Aibu ya viatu vilivyochakaa ingeisha. La kwanza linadai chakula, dawa, mshahara na sheria, na kumpelekea mtu mwenye shida hiyo mazoezi ya fikira ni kumkosea. La pili ndilo linaloweza kuondolewa kwa kufikiri upya. Upweke hauingii vizuri katika kipimo hiki, maana mbali na watu ungezidi, na hilo lenyewe linatuonyesha kwamba kuhitaji wenzetu ni sehemu ya maumbile yetu.

Ninajilaumu kwa kufurahi

Kaka mwandishi, nina miaka 36 na nimeolewa miaka 11, bila kupata mtoto. Mume wangu hajanitesa, lakini mama yake na dada zake hawanipi amani. Mtaani kwetu Kampemba kila mwanamke huitwa mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mimi huitwa kwa jina langu, na kila nikiitwa ninakumbushwa. Katika likelemba yetu, mchango wa kupeana pesa kwa zamu, walinipa zamu ya mwisho, wakisema kwamba mimi sina matumizi. Ninauza vitenge, nina afya, ninampenda mume wangu. Kuna saa ninasahau kabisa, ninacheka na wateja, kisha ninajilaumu kwa kufurahi. Je, hamu ya mtoto ni asili yangu, au nimefundishwa?
Mke wa Kampemba

Jibu

Mdogo wangu, siwezi kukuambia kwamba hamu hiyo imefundishwa tu, na nisingemwamini mtu anayekuambia hivyo. Kutaka kulea, kutaka kiumbe kinachokutegemea na kukupenda, ni jambo la kina sana katika binadamu, na huzuni yako ina heshima yake. Ulie unapotaka kulia.

Lakini tazama tena uliyoyaandika mwishoni. Unajilaumu kwa kufurahi. Huzuni ya asili huja na kuondoka, humwachia mtu nafasi ya kupumua, na ndiyo maana unacheka dukani bila kujilazimisha. Anayerudi baadaye kukushtaki kwa kicheko hicho si huzuni yako. Ni sauti ya wakwe na ya mtaa, ambayo umeisikia kwa miaka 11 mpaka imejifunza kusema ukiwa peke yako. Mateso yako mengi, kwa kadiri ninavyoweza kuyaona kutoka mbali, yako hapo kuliko katika kukosa mtoto kwenyewe.

Nguvu ya sauti za namna hiyo imechunguzwa. Katika miaka ya 1950, nchini Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mstari mmoja, kisha akawataka wauchague mstari unaolingana nao kati ya mitatu. Jibu lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Lakini kila mchunguzwa aliwekwa katikati ya watu walioagizwa kwa siri kutoa jibu moja la uongo, na karibu watatu kati ya wanne walikubali uongo huo angalau mara moja, kinyume cha walichokiona. Kama watu hutikisika namna hiyo kwa urefu wa mistari, mbele ya wageni ambao hawatawaona tena, je, wewe ambaye unahukumiwa na familia yako kuhusu thamani yako? Lakini alipowekwa mtu mmoja tu miongoni mwao aliyesema kweli, idadi ya waliokubali uongo ilishuka sana. Mmoja alitosha.

Mtu huyo kwako anapaswa kuwa mume wako, na hapa nitasema bila kuficha: kutokukutesa hakutoshi. Ni wajibu wake, si wako, kwenda kwa mama yake, kukaa chini kwa adabu ya mtoto, na kumwambia kwamba neno litakalosemwa tena juu ya mke wake limesemwa juu yake yeye mwenyewe. Mwulize pia kama amewahi kupimwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 katika kila watu wazima 6 hupatwa na ugumba wakati fulani wa maisha yake, na katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto chanzo kiko kwa mume, peke yake au pamoja na mke. Mwende hospitali wawili, siku moja. Mirija iliyoziba kwa sababu ya maambukizo yasiyotibiwa, na udhaifu wa mbegu, ni mambo ambayo daktari anaweza kuyaona. Wala usiutoe mtaji wa duka lako kwa yeyote anayekuahidi mimba kwa sadaka.

Waliyokufanyia katika likelemba ni dhuluma, haina uhusiano na desturi yoyote. Umechanga sawa na wengine. Dai zamu ipangwe kwa kura, na wakikataa, ukimaliza mzunguko huu toka, utafute wenzako wa sokoni wanaokujua kwa biashara yako.

Wengine watakushauri umchukue mtoto wa dada yako. Katika jamaa zetu mtoto huyo ni wako tangu zamani, hakuna anayemwona kuwa wa kuazima, na ukimlea kwa sababu unampenda litakuwa jambo jema. Usimchukue ili kuwafumba watu midomo. Mtoto hutambua mapema kwamba aliletwa kujibu maneno ya mtaa, na hilo litamwachia jeraha ambalo wewe mwenyewe unalijua.

Asilimia 56

Mwandishi, mwanangu ana miaka 10. Alileta karatasi ya pointi yenye asilimia 56, na baba yake akamwambia mbele ya wageni kwamba watoto wa jirani ndio watu. Tangu siku hiyo anaficha madaftari. Nifanye nini asikue na aibu iliyotulea sisi?
Mama wa Ruashi

Jibu

Mama, anza na baba kabla ya mtoto, mkiwa wawili chumbani. Ninaamini alisema vile kwa hofu, kwa sababu mwanaume wa mji huu anajua nini humpata mtu asiye na diploma, na pengine kwa sababu aliambiwa maneno yale yale akiwa na umri huo. Mpe nafasi ya kuieleza hofu yake. Kisha mwombe arudi kwa mtoto na kumwambia kwamba maneno yale hayakuwa ya kweli. Ayaseme hayo mbele ya watu, kama inawezekana wale wale, kwa kuwa mtoto aliyedharauliwa hadharani haponywi kwa siri. Baba atahofia kupoteza heshima. Mhakikishie kwamba mtoto wa miaka 10 humheshimu zaidi mzazi anayerudisha neno lake.

Madaftari usiyatafute alikoyaficha. Mwambie mtoto achague siku ya kuyafungua pamoja nawe, na siku hiyo usianze na kurasa zenye alama nyekundu. Asilimia 56 maana yake ni kwamba zaidi ya nusu anaijua. Mtazame kwanza hayo anayoyajua, yeye akiwa ndiye anayekueleza. Baada ya hapo tafuteni anapokwama. Kwa watoto wa umri wake mara nyingi ni kugawanya, hesabu za sehemu, au Kifaransa cha maswali ambacho hakielewi, ingawa hesabu yenyewe angeiweza kama ingeulizwa kwa Kiswahili. Binamu aliye sekondari anaweza kumfundisha nusu saa kila jioni. Baba naye akae hapo angalau Jumapili, asikilize, asiulize pointi.